Denge Siye Yule

Barua tatu mwezi huu, na ya kwanza imekula nafasi ya zote. Zinajibiwa na mwalimu mstaafu aliyefundisha fasihi ya Kiswahili kidato cha tano na cha sita mpaka chaki ikamharibu mapafu.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga, kazi yangu ni uuguzi. Riwaya ya Vuta N'kuvute, ya Adam Shafi, niliisoma kidato cha sita, nikaisoma tena nikiwa na mimba ya kwanza, na mara ya tatu kwenye zamu za usiku wodini. Ukiacha msahafu, hakuna kitabu nilichokirudia namna hiyo. Nilipoipata filamu yake nilijiandaa kama ninayepokea mgeni. Watoto nikawalaza mapema, nikakaanga kachori, nikamwita mume wangu tukae pamoja.*

*Mwalimu, haikupita robo saa nikaanza kugombana na kioo. Denge, yule kijana mpigania uhuru, siye yule. Yasmin, binti wa Kihindi mpenzi wake, ananyamaza mno. Mombasa ile niliyoibeba kichwani miaka yote hii, sikuiona nilivyoizoea. Filamu inakwisha, namgeukia mume wangu, mtu ambaye tangu aache shule hajafungua riwaya, namkuta anapangusa macho. Nikamwambia, "Unalia nini, na hujui hata walichokikata?" Akaondoka kwenda kulala.*

*Sasa sikia kilichofuata. Kesho yake kaingia kabatini, kachukua kitabu changu, kile chenye maandishi yangu ya penseli pembeni, kaanza kusoma. Juzi tunakula, ananiambia bila haya kwamba Mwajuma wa kitabuni, yule rafiki yake Yasmin, hamfikii Mwajuma wa kwenye filamu! Nimekosa la kumjibu. Nina haki ya kuwakasirikia waliotengeneza filamu hii? Na huyu baba nimfanyeje?*

*Msomaji, Tanga*

Marahaba mwanangu. Kwanza niambie kachori zilibaki au naye alizila huku analia, maana hilo lingenisaidia kumpima.

Hasira yako naijua, niliwahi kuifuga mwenyewe. Ila kabla hatujamkamata mtu, nikupeleke darasani kwangu. Kila mwaka, tukishafika katikati ya kitabu hiki, nilikuwa nawapa wanafunzi karatasi tupu na kuwaambia wamchore Denge. Si kwa maksi. Nilitaka tu kuona. Darasa la wanafunzi 40 lilinipa akina Denge 40. Kuna aliyempa miwani. Kuna aliyemwekea kidevu cha Lenin, kwa kuwa alisikia jamaa amesoma Urusi. Kijana mmoja wa mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) alimchora mfupi, mnene, na alipochekwa akakataa katakata kumrefusha. Binti mmoja, namkumbuka alikuwa anakaa dirishani, alimchora mtu ambaye darasa zima lilimtambua papo hapo: kaka aliyekuwa akituletea mikate bwenini kwa baiskeli. Aliona aibu mpaka akaichana ile karatasi.

Wewe pia una Denge wako, na una kaka wako wa mikate, hata kama humkumbuki. Ulimchonga ukiwa na miaka kumi na minane au kumi na tisa, kwa nyuso ulizokuwa nazo karibu. Kisha ukamfungia ndani miaka yote hiyo, wala hazeeki. Amil Shivji, mwongozaji wa filamu, alipomchukua mwigizaji Gudrun Columbus Mwanyika akamweka mbele ya kamera, hakuwa na namna ya kujua kwamba Tanga kuna Denge mwingine anayesubiri kuitwa. Ukisema "siye yule" unasema kweli tupu. Asingeweza kuwa yule. Mimi mwenyewe dakika kumi za mwanzo nilikaa nikimsubiri Denge wangu aingie mlangoni, na sikuwa na kachori za kujifariji.

Tuje kwenye kukatwa. Hapa naomba uchukue kalamu, tupige hesabu ya shule. Filamu ina dakika 92. Vipindi viwili vya mfululizo, dakika 40 kwa 40, ni dakika 80. Maana yake Shivji alipewa vipindi viwili na muda wa kufuta ubao. Mimi kwa vipindi viwili, nikisoma kwa sauti, nikisimama kueleza neno la Kiunguja hapa na methali pale, sikuwahi kumaliza sura ndefu. Na riwaya yenyewe ina kurasa zaidi ya mia mbili. Wanaoandika filamu wana kipimo chao cha mkono: ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja kwenye kioo. Kwa hiyo kabla kamera haijawashwa, kuna mtu alikwishakaa na kitabu chako akijua kwamba sehemu kubwa yake haitapanda chombo.

Ndiyo maana kuhesabu vilivyoachwa hakutufikishi popote. Orodha itakuwa ndefu siku zote, na kila mtu atakuwa na yake. Mimi nauliza swali jingine: katika kamba zote zinazovutwa ndani ya kitabu hiki, mwongozaji ameshika ipi, na ameivuta mpaka mwisho?

Maana Adam Shafi alitupa kamba nyingi. Kuna binti wa Kihindi anayeozwa kwa Raza, mwanamume anayeweza kumzaa. Kuna Unguja ya miaka ya hamsini chini ya Mwingereza. Kuna mambo ya rangi na kabila, jamaa zake wenyewe wakimfungia mlango kwa kuwa ameacha ndoa na kulala Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, nyumbani kwa Mwafrika. Kuna Inspekta Wright na mbwa wake wa kuwinda watu, na sisemi mbwa wa miguu minne. Kuna karatasi za siri, jela, bahari, na urafiki wa Yasmin na Mwajuma, ambao mimi siku zote niliuona kuwa ndio ndoa ya kweli ndani ya kitabu, ingawa mtihani haujawahi kuuliza hivyo. Riwaya inaweza kuzishika zote, kwa sababu msimulizi wake ana mikono kama ya pweza. Anaingia dukani kwa Raza, anatoka, anaingia kichwani mwa Mwingereza, anatoka, anakaa barazani anamsengenya kila mmoja wao.

Filamu ya dakika 92 ina mikono miwili. Nionavyo mimi, hii imeshika mapenzi kwa mkono mmoja na siasa kwa mwingine, ikayaacha mengine yapite kama watu wanaopita uchochoroni. Unaweza kusema imechagua vibaya. Hiyo ni hoja na nitakusikiliza. Lakini "wamekata" peke yake ni malalamiko ya mtu aliyekwenda sokoni na kikapu kimoja akarudi akilia kwamba soko halikuingia.

Yasmin kunyamaza. Hapa nakugeuka, mwanangu. Yasmin wa kitabuni naye si msemaji hivyo. Anayesema ni msimulizi, kwa niaba yake. Riwaya zetu zimejaa "alijisemea moyoni", na darasani nilikuwa nawaambia wanafunzi waikate kwa rula kila wanapoikuta ili waone ni mara ngapi tunajua jambo ambalo hakuna mtu mwingine katika kile chumba analijua. Kamera haiingii moyoni. Ina uso tu wa kufanyia kazi, na muda wa kuutazama. Mwongozaji mvivu angemwekea Yasmin sauti ya kusimulia juu ya picha, tukasomewa kitabu huku tunaonyeshwa bahari. Huyu amekataa. Amemwacha Ikhlas Gafur Vora, anayemwigiza Yasmin, atazame, anyamaze, atazame tena, na sisi tufanye kazi ile aliyokuwa akitufanyia Shafi. Mtu aliyekwishasoma mara tatu hana kazi hapo, kwa kuwa majibu anayo, basi anachoka. Mumeo hakuwa na jibu hata moja. Alikuwa anamtafuta yule binti usoni, na nadhani ndipo machozi yalipomkuta.

Nikupe mfano wa mtu ambaye hakuna anayeweza kumshtaki kwamba hakukielewa kitabu. Sembène Ousmane wa Senegal alikuwa tayari mwandishi mwenye jina alipokwenda Moscow mwanzoni mwa miaka ya sitini kujifunza kutengeneza filamu. (Naye Urusi! Sijui hawa akina Denge walikuwa wanalishwa nini huko.) Sababu yake ilikuwa nyepesi: watu aliokuwa akiwaandikia, wengi wao hawakujua kusoma, na Kifaransa cha vitabu vyake hakikuwa chao. Mwaka 1973 alitoa riwaya yake Xala, kuhusu tajiri mpya mjini Dakar anayeoa mke wa tatu na usiku wa harusi nguvu za kiume zinamtoka. Miaka miwili baadaye akaitengeneza filamu, yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Kitabu ni cha Kifaransa. Kwenye filamu unasikia Kiwolofu, na binti wa yule tajiri anamjibu baba yake kwa Kiwolofu huku mzee anang'ang'ania Kifaransa, na katika jambo hilo moja umeonyeshwa nyumba nzima na nchi nzima. Yaani mwandishi aligusa mpaka lugha, kitu ambacho wasomaji wangekuwa wa kwanza kukipigania. Nani angemwambia Sembène kwamba amemharibia Sembène?

Sisi kwa Shivji hata hilo halikutupata. Filamu inasema Kiswahili. Ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto, Septemba 2021, watu wa Kanada walisoma maandishi chini ya picha wapate kumwelewa Mwajuma, na kwa mara moja katika maisha yangu nilifurahi kwamba kuna Mzungu mahali fulani anahangaika na tafsiri badala yangu. Mwaka uliofuata ikapelekwa kuiwakilisha Tanzania kwenye tuzo za Oscar. Tangu filamu ya Maangamizi ya mwaka 2001 tulikuwa hatujapeleka kitu. Sikutajii haya ili nikutishe na sifa za ugenini, maana tuzo hazimpendezeshi Denge machoni pako. Nataka ujue tu kwamba kazi hii haikufanywa na watu waliokidharau kitabu.

Sasa na mimi niseme langu, usije ukadhani nimehongwa.

Mimi nimekosa kicheko. Shafi ni mchekeshaji, na watu wanasahau hilo kwa sababu tumekifundisha kitabu chake kama kwamba ni hotuba ya chama: dhamira, migogoro, falsafa, ujumbe, mapambano, kaeni chini. Lakini nilipokuwa nakisoma kwa sauti darasani, palikuwa na kurasa ambazo sikuweza kuzimaliza kwa kucheka, na wanafunzi wa darasa la jirani walikuwa wanachungulia. Ana jicho la mtu wa barazani. Hamwachi Raza na tamaa yake, wala hamwachi mkoloni na majivuno yake. Filamu imekuwa nzuri mno hata haiwezi kucheka. Kila ukuta umepata mwanga wake, kila kona ya Mji Mkongwe imetulia kama inayosubiri kupigwa picha ya harusi. Mara mbili nilitamani mtu ajikwae. Ng'ambo ninayoijua kutoka kitabuni ina kelele, jasho, mtu anadai deni lake dirishani usiku wa manane. Kwenye filamu hata umaskini umepigwa pasi.

Hapo ungeniandikia kwa hasira, tungekasirika wote, tukatuma barua moja.

Kuhusu Mwajuma lakini, namuunga mkono mumeo, samahani. Siti Amina, aliyemwigiza, ni mwimbaji wa taarabu kwa kazi yake, ana bendi, sauti anayo kabla hajapewa neno la kusema. Mimi Mwajuma wangu wa kitabuni nilimpa sura ya jirani yetu wa utotoni, mwanamke aliyeishi peke yake na kuchekwa na wake za watu ambao usiku walikwenda kumkopa sukari. Nilikuwa nampenda sana. Baada ya filamu, yule jirani ameondoka. Nikifungua kitabu sasa, anayefungua mlango kumpokea Yasmin ni Siti Amina, na sijaweza kumtoa. Hilo ndilo deni halisi tunaloweza kuwadai watu wa filamu, kwamba wanatuhamishia wapangaji wapya bila notisi. Lakini huyu mpangaji, nakiri, analipa kodi.

Na sasa umtazame vizuri mzee wako. Amekipenda kitu kwanza kwenye kioo, kisha akakifuata kwenye karatasi, na analalamika kwamba kwenye karatasi si chenyewe. Mwajuma siye yule! Si ndiyo barua yako hiyo hiyo, imegeuzwa nyuma mbele? Mnagombana huku mnasema neno moja.

Usimwambie mwisho. Usimuulize amefika wapi kila anapoketi. Na usimsahihishe kabisa, hata akisema jambo la ovyo kuhusu Denge. Ila mpe kalamu ya wino wa bluu, umruhusu aandike pembeni mwa ukurasa, upande wa pili wa penseli yako. Najua ni nakala yako ya thamani. Mpe tu.

*

*Mwalimu, naomba msaada wa haraka, mtihani umekaribia. Filamu ni saa moja na nusu, kitabu ni kirefu na nina vingine vitatu. Nikitazama filamu siwezi kujibu swali la riwaya?*

*Mwanafunzi wa kidato cha sita, Songea*

Huwezi.

Lakini kwa kuwa umeuliza kwa adabu, nikueleze. Jirani yangu bado anafundisha, na kuna mwaka aliniomba nimsaidie kusahihisha mtihani wa majaribio. Nikakuta mtahiniwa kaandika hivi: "Mwandishi ameonyesha huzuni ya mhusika kwa kutumia muziki wa taratibu." Mstari wa chini: "Vilevile mwandishi ametumia mwanga hafifu." Nikamwita jirani tukaisoma pamoja, tukacheka mpaka mke wake akaja kuuliza kuna nini. Kisha tukampa sifuri, kwa huzuni, kwa kutumia kalamu nyekundu.

Swali la mtihani litakutaka hoja kutoka riwaya mbili, na kila hoja ina mfano wake. Mifano imo kwenye zile kurasa ambazo filamu haikuzibeba. Soma kitabu kwanza. Filamu iweke iwe zawadi siku ukitoka chumba cha mtihani wa mwisho, na hapo utagombana nayo vizuri, kama yule mama wa Tanga.

*

*Mwalimu shikamoo. Kama ungepewa wewe pesa za kutengeneza filamu, ungechukua riwaya gani nyingine ya Kiswahili?*

*Msomaji, Mombasa*

Marahaba. Pesa mimi ningekarabati paa kwanza.

Zikibaki, ningechukua Kuli, ya Shafi huyo huyo, ya mwaka 1979. Rashidi, mtoto wa kuli anayekuwa kuli, na mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948. Hii inataka sauti kuliko sura. Magunia yanaanguka, minyororo inalia, watu mia wanaitikia wimbo wa kazi, kisha siku ya mgomo bandari nzima kimya. Ule ukimya peke yake ungetosha kumlipa mtu nauli ya kwenda ukumbini. Na ningeomba wanipe bandari chafu, yenye mafuta na samaki walioharibika. Pasi tumeshapigiwa moja.

Ya pili ni Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Maimuna anatoka kwenye nyumba ya baba yake Maksuudi, ambako hata dirisha ni habari, anaangukia dunia yenye ulevi na wanaume wasio na haya. Mwigizaji wa kike mwenye nguvu angeibeba hiyo mgongoni. Mnaijua vizuri huko kwenu Kenya, kwa kuwa ilikuwa kitabu cha mtihani, na nadhani ndiyo sababu kuna watu hawataki hata kuisikia.

Nagona ya Kezilahabi ningemwachia adui yangu. Ni kijitabu chembamba, kinaingia mfukoni, na mwongozaji atakayekigusa tutamkuta mwituni anaongea na miti.

*

Ukurasa ulikuwa umeshafungwa pale ujumbe mwingine ulipoingia kutoka Tanga. Mzee amemaliza kitabu usiku wa kuamkia Jumapili. Asubuhi hakusemesha mtu, akaenda kumwagilia mchicha ambao ulikuwa umeshamwagiliwa. Mchana akauliza Kuli inapatikana wapi, kama Mwalimu anayo. Ninayo, mwanangu. Ila mwambie akanunue yake, maana sasa ameshazoea kuandika kwa wino.